Shimo la Mpiga Ngoma

Nesi Endah alipiga simu asubuhi, Kamdi akiwa bado na kipande cha tempe, ile keki ya soya, mdomoni. Hii ilikuwa simu ya mwaka mmoja tangu abadilishwe goti. Alishapigiwa ile ya miezi mitatu na ile ya miezi sita, kwa hiyo maswali yenyewe aliyajua kwa moyo.

"Bwana Kamdi, unaweza kuvaa soksi mwenyewe?"

"Ninayo jozi moja, nesi. Niliivaa siku ya harusi yangu."

"Lakini ukitaka kuivaa leo, unaweza?"

"Ikipatikana, naweza."

"Kuingia na kutoka kwenye gari?"

"Gari la nani?"

Nesi alicheka kule mjini Solo, kwenye hospitali alikopasuliwa Kamdi. "Jibu tu, jamani. Haya maswali yametoka mbali, mimi nayasoma kama yalivyo. Tunawafuatilia nyinyi mliobadilishwa goti kabla ya kufika miaka hamsini. Haya, maumivu. Kutoka sifuri mpaka kumi, uko wapi?"

Hapo Kamdi aliacha utani. "Sifuri," alisema.

Kila alipolitamka neno hilo alijihisi mwizi. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na baridi yabisi ilimwingia goti la kushoto akiwa na ishirini na mitano. Miaka kumi na minane alipanda ngazi kwa kushikilia ukuta na kulala na chupa ya maji ya moto kitandani, hadi mkewe akawa anasema amejikuta kwenye ndoa ya watatu. Sasa sifuri. Ilikuwa haiaminiki.

"La mwisho. Kwa jumla, umeridhika na goti lako jipya? Sana, kiasi, au hapana?"

Kamdi alilisugua goti. Mkewe Lasmini, aliyekuwa amekaa mlangoni akifunga tempe za kuuza kwenye majani ya mgomba, alisimamisha mikono amsikilize.

"Niulize baada ya sikukuu ya kijiji," alisema Kamdi.

"Bwana Kamdi, fomu haina nafasi ya kusubiri."

"Nesi, kuna swali hamkuliuliza. Hamkuniuliza kama naweza kukaa chini. Mwenzako huku soksi hazinihusu. Kukaa chini ndiko kunanihusu."

Na kweli kulimhusu, maana Kamdi alikuwa mpiga ngoma wa Ki Wignyo. Ki ni jina la heshima la bwana wa vikaragosi vya ngozi, anayevichezesha mbele ya pazia, na Ki Wignyo alistahili heshima hiyo na nyingine juu yake, ambazo alizidai mwenyewe pale watu waliposahau. Alikuwa na miaka sitini na minane, mnene, mwenye sauti ya majitu kumi na ulimi wa mama mkwe. Nyuma yake walikaa wanamuziki kumi na tano na ala zao za shaba, na wote hao walimsikiliza mtu mmoja, mpiga ngoma. Ki Wignyo akigonga sanduku la vikaragosi kwa kinyundo chake, ngoma hujibu, na ngoma ikijibu ndipo wengine wanajua pa kwenda. Ngoma ile hupigwa na mtu aliyekaa juu ya mkeka, miguu imekunjwa na kupishana, ngoma imelala mbele ya magoti yake. Hivyo ndivyo alivyokaa baba yake Kamdi, na babu yake.

Goti jipya liliweza mambo mengi. Lilipanda ngazi, liliendesha baiskeli, lilimbeba Kamdi mpaka sokoni na kurudi akipiga mluzi. Lakini kukunjika kote kote halikuweza. Daktari Hanung alimwambia mapema, kabla hata ya kunoa kisu. "Wazee ninaowafanyia hawanisumbui. Mzee anataka afike msikitini na arudi, basi. Nyinyi vijana ndio mnanuna, kwa sababu maumivu yakiisha mnakumbuka kila kitu mlichokuwa mnafanya. Nisikilize. Nitakupa goti la kutembelea. La kukalia chini sitakupa, sinalo. Ukililazimisha litalika, nami nitakupasua tena kabla hujafika sitini." Kamdi aliitikia ndiyo, ndiyo. Mtu mwenye maumivu husema ndiyo kwa lolote.

Kwenye mazoezi ya kwanza ya kundi baada ya kupona alikwenda na kiti. Kilikuwa kiti kifupi, lakini kichwa chake kilipita kichwa cha Ki Wignyo kwa shibiri nzima, na katika kundi lile hakuna anayekaa juu kuliko bwana wa vikaragosi. Akashuka chini, akanyoosha mguu. Wayo wake ukaelekea mgongo wa Ki Wignyo na sanduku la vikaragosi. Wanamuziki walivuta pumzi, maana kumwelekezea bwana wayo ni tusi. Ki Wignyo aligeuka, akauona wayo ule, akarusha kopo la tumbaku. Bahati nzuri hakuwa na shabaha.

"Ngoma hupigwa na mtu aliyekaa!" alinguruma. "Sio mtu aliyetandazwa kama nguo za kukauka!"

Mwaka mzima, basi, ngoma ilikuwa mikononi mwa Bagas, mtoto wa dada yake Ki Wignyo. Kijana wa miaka ishirini na minne, mhitimu wa chuo cha sanaa, nywele zimepakwa mafuta hadi nzi ateleze. Hakuwa mbaya. Alipiga kila kitu kama kilivyoandikwa, hakukosea, na ndilo lililomuudhi Kamdi zaidi.

"Pumzika, Mzee Kamdi," Bagas alikuwa akimwambia kwa upole. "Umefanya kazi miaka mingi. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini lako tutakuwekea."

"Mzee ni baba yako," Kamdi alijibu, kisha akaenda nyumbani akakaa kwenye kiti chake na kupiga ngoma ya hewani mpaka chakula kikapoa. Moyo wake uliuma kule ambako goti liliacha kuuma.

Mwisho Ki Wignyo alichoka kuombwa. Alimwita Kamdi mbele ya kundi zima akatoa hukumu. "Sikukuu ya kusafisha kijiji, siku ya Ijumaa. Onyesho la mchana. Kaa kama mpiga ngoma akaavyo, toka mwanzo hadi nichomeke mlima. Ukiweza, ngoma ni yako mpaka ufe. Ukishindwa, ni ya Bagas, na sitaki kusikia habari ya goti tena." Mlima ni kile kikaragosi kikubwa chenye umbo la jani, kinachochomekwa katikati ya pazia mchezo ukiisha.

Jioni ile Kamdi alijaribu kulikunja goti. Alisukuma, akavuta, akalikalia. Lasmini alimkuta amelala ubavu, jasho linamtoka.

"Baba Retno, unataka kumrudishia daktari chuma chake?"

"Ni siku moja tu. Nikilikunja siku moja litafanya nini?"

"Litavunjika, utarudi kwenye chupa ya maji ya moto, na mimi narudi kwa mama." Akakaa karibu yake, akamfuta uso kwa kanga. "Hebu niambie. Shida yako hasa nini?"

"Mguu, Mama Retno. Nini tena?"

"Mguu uko wapi?"

"Si huu hapa, unauona?"

"Basi usiwe hapa."

Kamdi alimtazama. Lasmini alichukua kisu cha tempe, akachora kwenye unga uliomwagika sakafuni. Alichora mstari mmoja mrefu. "Hili jukwaa. Mbao juu ya nguzo za mianzi, sivyo? Kimo cha kiuno. Pembeni limezungushiwa vitambaa mpaka chini." Akachora pengo kwenye mstari. "Hapa pametoka mbao mbili. Mtu anakaa ukingoni, miguu inaning'inia chini. Juu anaonekana kiunoni kwenda juu. Mtu aliyekaa ni mtu aliyekaa."

"Na magoti? Watu watatafuta magoti."

Lasmini alinyoosha mkono kitandani, akavuta mito miwili ya sufi, ile midogo, akaitupa mapajani mwa Kamdi na kuifunika na kitambaa cha batiki. Ilivimba kulia na kushoto, magoti mawili manono ya mtu asiye na haraka. Kamdi alianza kucheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Jukwaa lilijengwa Jumatano, chini ya hema, kwenye uwanja wa mkuu wa kijiji. Alhamisi mchana, watu wakiwa kwenye chakula, Lasmini alikwenda kufagia, ndivyo alivyosema, na ndani ya ufagio alikuwa na msumeno wa kaka yake. Ijumaa alfajiri Kamdi alifika kabla ya mtu yeyote. Wanamuziki walipokuja walimkuta amekaa, nguo ya batiki imetandazwa, magoti yametulia, uso umejaa unyenyekevu.

Bagas alimzunguka mara mbili. "Limekunjika?"

"Mungu ni mkubwa," alisema Kamdi.

Ki Wignyo alipanda polepole akishika bega la Bagas, akatazama magoti yale, akaguna, akakaa mbele ya pazia. Alivyokaa alitoa sauti ndogo puani, lakini Kamdi hakuijali wakati ule.

Wanawake jikoni walikuwa bado wanakuna nazi mchezo ulipoanza. Na jamani, Kamdi alipiga! Miaka kumi na minane alikuwa amepiga huku nusu ya akili iko kwenye goti, anahesabu dakika hadi abadilishe mkao. Leo akili yote ilikuwa kwenye vidole. Chini ya mbao miguu yake ilikuwa huru, ikicheza yenyewe, na uhuru ule ulipanda mpaka mikononi. Ki Wignyo alipogonga sanduku, ngoma ilikuwa imeshafika. Wazee wa upatu walitazamana wakatabasamu.

Chini ya jukwaa Lasmini alikaa kwenye kigoda na chupa ya chai, majani yake ya mgomba na tempe za kufunga, maana biashara haingoji. Kila baada ya muda aliushika mguu wa kushoto akaunyoosha na kuukunja, moja, mbili, tatu, kama walivyofundishwa hospitali, usije ukakakamaa. Kosa lilikuwa wayo. Kamdi alikuwa mtu wa kutekenyeka, na Lasmini alilijua hilo tangu siku ya pili ya ndoa. Kwenye pazia, jemadari wa nyani alipokuwa ananyemelea ngome ya majitu, kimya kimetanda uwanjani, Lasmini alipitisha ukucha chini ya wayo. Kamdi aliruka ndani kwa ndani. Mikono ikamwaga mpigo wa haraka usiokuwa na asili wala fasili, na Ki Wignyo, aliyeshtukizwa, hakuwa na la kufanya ila kumrusha nyani hewani. Nyani alipinduka mara tatu. Uwanja mzima ukapiga kelele za furaha. Ki Wignyo aligeuza shingo akamtazama Kamdi, kisha akarudi kwenye kazi yake, na hapana aliyejua maana ya jicho lile.

Halafu ikaja habari ya chai.

Binti wa mkuu wa kijiji alikuwa akipitisha sinia la glasi za chai kwa wanamuziki, chai iliyotoka jikoni inatoa moshi. Alipofika kwa Kamdi akajikwaa kwenye mkeka. Glasi nzima ikamwagikia goti la kushoto. Moshi ulipanda kutoka kwenye kitambaa. Binti akajishika mdomo. Bagas, aliyekuwa kwenye ala ya shaba pembeni, aliruka noti mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu azaliwe.

Kamdi hakupepesa. Aliendelea kupiga, akamtazama binti kwa huruma, akasema polepole, "Si kitu, mwanangu."

Chini, tone la chai ya moto lilipita kwenye sufi na kumpata Lasmini utosini. Akauma kanga asipige kelele.

"Ni chuma," alinong'ona mpiga filimbi. "Chuma hakisikii."

"Chuma kitu gani? Ngozi je, nayo ni chuma?" mwenzake akamjibu. "Huyu ana elimu ya siri. Mwaka mzima alikuwa kimya, mlidhani alikuwa anafanya nini?"

Habari ilishuka jukwaani kabla ya wimbo kuisha. Ilipofika safu ya nyuma, aliyemwagiwa alimwagiwa birika. Ilipofika jikoni, alimwagiwa sufuria na akacheka. Kamdi aliona vichwa vinageuka na vidole vinaelekezwa kwake, asijue ameshatiwa kwenye orodha ya mawalii.

Alasiri Ki Wignyo alichomeka mlima katikati ya pazia. Upatu mkubwa ulilia mara ya mwisho. Kamdi alifumba macho. Amekaa toka mwanzo hadi mwisho. Ngoma ni yake. Alitaka kulia, akajizuia kwa sababu bado alikuwa shimoni.

Maana hesabu ya Lasmini ilikuwa nzuri kwa kuingia, ya kutoka haikuwa nzuri. Kutoka kulitaka mke asukume toka chini na mume ajivute kwenye nguzo ya hema, matako yakitangulia, na jambo hilo halifanywi mbele ya watu. Ilibidi jukwaa liwe tupu. Wanamuziki waliondoka mmoja mmoja, wakipita kwa mzunguko kwenye kingo za jukwaa kwa sababu kuruka ala ni mwiko. Kila aliyepita alimwinamia Kamdi kuliko alivyowahi kumwinamia. Bagas akabaki. Na Ki Wignyo akabaki, kama ilivyokuwa desturi yake. Kila alipomaliza mchezo alibaki peke yake mbele ya pazia akizungumza na wazee waliotangulia, na watu walimwacha kwa heshima.

Kamdi alisubiri Ki Wignyo afumbe macho. Ki Wignyo hakufumba. Naye alikuwa akisubiri vilevile.

"Kamdi."

"Naam, Ki."

"Nenda ukale."

"Nitakuja nyuma yako, Ki."

"Mimi bado niko na wazee waliotangulia."

"Hata mimi, Ki."

Shingo nene iligeuka. "Wewe? Tangu lini?"

"Tangu leo asubuhi, Ki."

Bagas alimtazama mjomba wake, akamtazama Kamdi, akakuna kichwa. Ki Wignyo akamwambia aende akawaambie watu wangoje. Jambo hilo si dogo. Kwenye sikukuu ya kusafisha kijiji mlima wa wali wa manjano haukatwi kabla Ki hajashuka kuuombea dua, na watu mia tatu walikuwa wameshauzunguka kule ng'ambo ya pazia, wakiunusa.

Bagas alikwenda, akarudi. "Ki, mkuu wa kijiji anauliza kama itachukua muda."

"Mwambie mambo ya wazee hayapimwi kwa saa."

Alikwenda, akarudi. "Ki, watu wamesikia nyote wawili mmekaa kimya, nao wamekaa wakanyamaza. Hata wauza krupuki za kukaanga wamefunga. Na kuna bibi ana chupa ya maji, anataka Kaka Kamdi ampulizie dua." Hakusema mzee safari hii.

"Kesho," alisema Kamdi kwa sauti ya unyonge.

Mara ya tatu Bagas alikuja akihema. "Ki, watoto wanalia. Na kuku wamepanda juu ya wali."

"Wafukuzeni!"

"Hakuna anayethubutu kusimama kabla yako, Ki. Wanawafukuza kwa macho."

Ki Wignyo alimfukuza yeye. Wakabaki wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, kila mmoja akimwomba Mungu amwondoe mwenzake. Kuku walisikika wakila. Nzi alitua kwenye goti la sufi, akanywa chai. Ndipo sauti ikatoka chini ya mbao, ya mtu aliyeishiwa subira.

"Baba Retno! Hilo zee limeondoka? Miguu yako inanuka chai na kiuno kinanikata!"

Ki Wignyo alizitazama mbao zilizo chini yake.

"Kamdi," alisema mwishowe. "Hao wazee wako waliotangulia, ndiye mkeo?"

Hakukuwa na la kuficha. Kamdi alikunjua kitambaa. Mito miwili iliyolowa ilibingirika mkekani, na kwenye shimo ukatokea uso wa Lasmini, unga wa tempe kwenye nyusi. "Samahani, Ki," alisema. "Lakini mchezo ulikuwa mzuri mno. Hata huku chini tumefurahi."

Kamdi aliinamisha kichwa. Alingoja kopo la tumbaku. Halikuja, akaona aseme mwenyewe kabla hajaambiwa. "Nimekudanganya, Ki. Goti hili halikunjiki wala halitakunjika. Daktari aliniambia nikaitikia tu. Nilitaka maumivu yaishe. Nikasema yakiisha, hiki kingine nitakiomba baadaye. Mpe Bagas ngoma. Ila leo nimepiga, Ki. Miaka yote hiyo sijawahi kupiga kama leo."

Ki Wignyo hakuinuka kuja kumpiga, na hilo ndilo lililomshangaza Kamdi. Ki Wignyo alikuwa mtu wa kugomba akiwa wima. Kamdi alimtazama vizuri. Aliona viganja viwili vinabonyeza sanduku la vikaragosi, mabega yanatetemeka, mwili haunyanyuki. Kisha ikatoka ile sauti ndogo puani. Kamdi aliijua sauti ile. Alikuwa nayo miaka kumi na minane.

"Ki," alisema taratibu. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini unazungumza na wazee?"

Ki Wignyo alitazama pazia. "Miaka saba."

"Miaka saba!" alisema Lasmini toka shimoni. "Mficha maradhi, Ki, kifo humuumbua."

"Mama Retno, nisukume," alisema Kamdi.

Alisukumwa. Alijivuta kwenye nguzo, matako yakatangulia kama ilivyohofiwa, akasimama. Akazunguka ala zote kwa njia ndefu, asiruke hata moja, akafika nyuma ya Ki Wignyo. "Kwa kawaida anayekunyanyua ni nani, Ki?"

"Bagas. Watu wakiisha. Leo nawe umeng'ang'ania hapo kama kupe, ningemwitaje?"

Kamdi alipitisha mikono chini ya makwapa ya bwana wake, akakaza mguu wa kushoto, akavuta. Ki Wignyo alikuwa mzito wa mwili na wa aibu pia. Goti jipya lilibeba vyote viwili bila neno. Walipokuwa wima wote wawili, Ki Wignyo alibaki ameshika bega la Kamdi, anahema, machozi ya maumivu yamesimama machoni.

"Lako linauma?" aliuliza.

"Hapana, Ki."

"Hata kidogo?"

"Sifuri."

"Na halikunjiki."

"Linafika hapo tu."

"Sasa ni la kazi gani, goti la mpiga ngoma lisilokunjika?"

"La kusimamia, Ki."

Ki Wignyo aliguna. Alilitazama shimo, akaitazama mito, akamtazama Lasmini aliyekuwa anakula krupuki zilizoanguka jukwaani. "Pale nyani aliporuka," alisema. "Ule mpigo. Nani alikufundisha?"

"Hakuna, Ki. Mama Retno alinitekenya."

"Basi Jumamosi ijayo, kwenye onyesho la Wonosari, naye aje." Akaanza kutembea, mkono ungali begani kwa Kamdi. Hatua tatu mbele akasimama. "Ulikaa toka mwanzo hadi nilipochomeka mlima. Niliahidi mbele ya watu. Ngoma ni yako." Hatua nyingine mbili. "Na shimo langu liwe pana zaidi. Mimi si mwembamba kama wewe."

Walishuka wameshikana, na watu mia tatu wakasimama kwa pamoja na kuwapigia kuku kelele.

Nesi Endah alipiga tena baada ya wiki mbili. Kamdi alikuwa barazani, na kwenye kiti cha pili alikaa Ki Wignyo, ambaye siku hizi alipita mara kwa mara, eti kuzungumzia mazoezi.

"Bwana Kamdi, lile swali lako nimeliandika pembeni kwa kalamu. Unaweza kukaa chini?"

"Hapana, nesi."

"Pole sana. Basi niandike hujaridhika?"

"Andika nimeridhika sana."

"Sikuelewi."

"Usijali. Huku wamenitobolea."

Nesi aliamua kutouliza. "La mwisho kabisa. Ungemshauri rafiki yako afanyiwe?"

Kamdi alimtazama Ki Wignyo. Ki Wignyo alikuwa anatazama upande mwingine, mkono juu ya goti lake, analikanda kama mtu asiyejua kwamba analikanda.

"Nesi, mnapokea chini ya hamsini tu?"

"Fomu hii ndiyo, lakini daktari anapokea wote. Kuna mtu?"

Ki Wignyo aliinyakua simu. "Mwambie huyo daktari nina arobaini na tisa," alisema kwa sauti ya mfalme wa majitu. Kisha akasikiliza. Lasmini alitoka ndani na sinia la chai akasimama mlangoni. "Soksi? Soksi za nini? Achana na soksi, mwanangu." Akasikiliza tena, kwa muda, na ile sauti ya mfalme ikamtoka, ikabaki yake mwenyewe, ambayo Kamdi hakuwahi kuisikia.

"Kumi," alisema Ki Wignyo. "Andika kumi."